Mishipa Mitatu ya Mkono Mmoja

Mwaka 1976, nikiwa na umri wa miaka 26, nilihamishiwa katika kituo kimoja cha ufundi kilichokuwa kikipokea vijana waliomaliza darasa la saba. Palikuwa na useremala, uashi, ushonaji na upishi. Mimi nilikuwa mwalimu wa kawaida tu, zao la Chuo cha Ualimu Mpwapwa, na sikujua hata namna ya kushika randa. Mkuu wa kituo alipekua vyeti vyangu, akaona neno baiolojia, akasema, "Mwalimu, wewe utawafundisha mwili wa binadamu na huduma ya kwanza. Vipindi viwili kwa juma. Mafundi huumia." Ndivyo nilivyoingia katika kazi ambayo nimekuwa nikiifikiria kwa karibu miaka 50, na ndani yake limo kosa ambalo sijawahi kuliandika mahali popote mpaka leo.

Sikuwa mgeni kabisa wa mambo ya afya. Mwaka 1973 nilikuwa kiongozi wa kikundi katika kampeni ya Mtu ni Afya, ile ambayo watu wapatao milioni mbili nchini Tanzania walikusanyika kuzunguka redio, vitabu mkononi, wakijifunza habari za malaria, kichocho, safura, kuhara damu na kifua kikuu. Msomaji wa rika langu atakumbuka jinsi watu wazima walivyotoka pale wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka majani. Nami niliona kwa macho yangu kwamba mtu asiyejua kusoma hata barua anaweza kuelewa mwendo wa minyoo toka udongoni mpaka tumboni, iwapo ataelezwa kwa lugha yake. Ajabu ni kwamba miaka mitatu baadaye, nilipopewa darasa na ubao, nilisahau yote hayo nikafundisha kama nilivyofundishwa mimi.

Yaani niliandikisha. Nilikuwa na kitabu kimoja cha Kiingereza cha wauguzi, nikakitafsiri usiku kwa taa ya chemli na asubuhi nikakisoma polepole, wanafunzi wakiandika. Moyo ni pampu yenye vyumba vinne. Ateri ni mshipa uchukuao damu kutoka moyoni. Vena ni mshipa urudishao damu moyoni. Neva ni mshipa wa fahamu. Kano ni mshipa uunganishao msuli na mfupa. Mitihani ilikuwa mizuri mno. Kijana mmoja wa useremala, ambaye nitamwita Seremala kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yake hadi leo, alipata alama 94 kati ya 100, akayasema yote bila kukosea nukta. Nilijivuna. Nikamwambia mkuu wa kituo kuwa vijana wanaelewa.

Mwaka uliofuata, siku moja ya Jumatano kabla ya chakula cha mchana, nilisikia kelele karakana. Seremala alikuwa akichonga tundu la kitasa, ubao umebanwa vibaya, patasi ikateleza ikamchana mkono wa kushoto upande wa ndani, kiasi cha vidole vitatu juu ya kifundo, upande wa kidole cha mwisho. Damu ilikuwa nyekundu sana na ilikuwa ikiruka kwa mapigo. Wenzake kumi na wanne walikuwa wamesimama. Mmoja alikuwa tayari amekata kamba ya katani na kuifunga kwa nguvu zake zote pale kwenye kifundo, yaani kati ya jeraha na vidole, na damu iliendelea kuruka kana kwamba hakuna kilichofanyika. Kijana yule aliyefunga alikuwa amepata alama 88. Alijua kwa moyo kwamba ateri huchukua damu kutoka moyoni. Hakujua kwamba moyo uko upande wa bega.

Nami je? Nilisimama mlangoni. Aliyeokoa ni mama mpishi wa kituo, aliyekuja mbio na upawa mkononi. Aliutupa, akafungua khanga yake ya mabegani, akaikunja, akaibandika juu ya jeraha na kulikandamiza kwa kiganja kizima, kisha akamwamuru kijana alale chini na akauinua ule mkono juu. "Mwanangu usiangalie, niangalie mimi," alimwambia. Hakuinua kiganja mpaka tulipofika zahanati, mwendo wa nusu saa nyuma ya trekta. Nilipomuuliza baadaye alijifunza wapi, alishangaa swali lenyewe. "Mwalimu, maji yakivuja si unaziba pale yanapotokea?"

Zahanati walisafisha, wakashona ngozi vizuri kabisa, nyuzi saba zimepangika kama kazi ya cherehani. Tabibu akatuambia, "Kulikuwa na mshipa umekatika, tumeushughulikia." Tukashukuru. Nilimuuliza Seremala kama ana maumivu, akasema kidogo. Tukarudi.

Baada ya mwezi mmoja bandeji ilipotolewa kwa mara ya mwisho, vidole viwili vya mwisho havikukunja. Kidole kidogo kilikuwa pia hakina hisia; aliweza kukichoma kwa sindano asisikie kitu. Tulipompeleka hospitali ya wilaya, daktari alimwambia akunje kidole kimoja kimoja, akatikisa kichwa. Patasi ilikuwa imekata mishipa mitatu: mshipa wa damu, mshipa wa fahamu, na kano za vidole. Wa kwanza ulizibwa. Miwili iliyobaki ilifunikwa na ngozi. Kama angepelekwa mapema, alisema, wangeweza kujaribu kuziunga. Sasa misuli ilikwisha kuzivuta kano zile kuelekea juu ya mkono na kovu limejaza nafasi yake.

Simlaumu tabibu wa zahanati, aliyekuwa peke yake na foleni ya watoto wenye homa. Ninalolikumbuka ni kwamba aliposema "mshipa", watu wanne waliokuwapo waliridhika, na mmoja wao alikuwa mwalimu aliyeandikisha maana tatu za neno hilo katika daftari. Kulikuwa na swali moja tu la kuuliza: "Hebu kunja vidole." Ingechukua nukta mbili.

Nililichukia sana neno lile kwa muda. Kiswahili chetu kinalibebesha mengi. Mshipa ni wa damu, mshipa ni wa fahamu, mshipa ni kano, na mzee akisema fulani "ana mshipa" anamaanisha ugonjwa mwingine kabisa ambao hautajwi mbele ya wakwe. Nilidhani huu ni umaskini wa lugha. Ndipo nilipoanza kusoma historia ya elimu ya mwili, kwanza kwa ajili ya kujitetea, nikagundua kuwa waliotutangulia walikwama hapo hapo.

Wayunani wa kale walikuwa na neno *neuron*, ambalo maana yake ya kwanza ilikuwa kano, uzi wa upinde. Kwa karne nyingi hawakutenganisha kile kinachovuta kidole na kile kinachopeleka hisia. Aliyezitenga neva na kano ni Herophilus, mganga aliyefanya kazi Alexandria nchini Misri yapata miaka 300 kabla ya Kristo, kwa sababu pale aliruhusiwa kupasua maiti. Hata ateri zilidhaniwa kuwa zimejaa hewa, kwa kuwa katika maiti mara nyingi hukutwa tupu. Galen, aliyezaliwa Pergamon mwaka 129, alimaliza ubishi huo kwa njia ambayo fundi yeyote ataipenda: aliifunga ateri ya mnyama aliye hai sehemu mbili, akaikata katikati ya vifundo, ikatoka damu. Galen huyo huyo alianza kazi akiwa mganga wa wapiganaji wa uwanjani, watu waliokatwa na mapanga kila siku ya tamasha. Mafunzo yake mengi yalitoka katika mikono na mapaja ya watu wa kazi.

Lakini Galen hakupata ruhusa ya kupasua watu. Alipasua nyani, nguruwe na wengineo, akaandika mengi kana kwamba ni ya binadamu, na vitabu vyake vikafuatwa kwa zaidi ya miaka 1,300. Darasa la anatomia katika vyuo vikuu vya Ulaya lilikuwa hivi: profesa ameketi juu katika kiti kirefu, anasoma kitabu kwa Kilatini; chini yake kinyozi, asiyejua Kilatini, anakata maiti; msaidizi wa tatu anaonyesha kwa fimbo. Mwenye maneno hakugusa, na aliyegusa hakuelewa maneno. Niliposoma habari hiyo niliweka kitabu chini nikatoka nje kidogo. Ilikuwa picha ya darasa langu, isipokuwa mimi sikuwa hata na maiti.

Kijana aliyeshuka kutoka katika kiti kile ni Andreas Vesalius, mzaliwa wa Brussels, aliyeanza kufundisha Padua mwaka 1537 akiwa na miaka 23 hivi. Alishika kisu mwenyewe. Mwaka 1543 alichapisha huko Basel kitabu chake kikubwa juu ya muundo wa mwili, chenye picha ambazo hadi leo zinastaajabisha. Alionyesha kwamba taya la chini la mtu ni mfupa mmoja, si miwili kama Galen alivyofundisha kutokana na wanyama. Fikiri, msomaji: jambo ambalo mtu angeweza kulihakikisha kwa fuvu lolote la makaburini lilingoja karne kumi na tatu.

Kitabu hicho, hata hivyo, kilikuwa cha Kilatini na cha bei ya wakubwa. Vinyozi wapasuaji, ambao ndio waliokuwa wakitibu majeraha, kung'oa meno na kukata miguu iliyooza, hawakukiweza. Hao walikuwa wanafunzi wa ufundi hasa. Walijifunza kwa kukaa kwa bwana wao miaka kadhaa, kama mafundi wa kwetu. Nchini Uingereza, mwaka 1540, Mfalme Henry wa Nane aliunganisha chama cha vinyozi na cha wapasuaji wa London na kuwapa haki ya maiti wanne wa watu walionyongwa kila mwaka, ili wapate kujifunza. Wanne kwa mwaka, kwa mji mzima!

Anayenigusa kuliko wote ni Ambroise Paré wa Ufaransa. Alianza kama mwanafunzi wa kinyozi. Mwaka 1537, vitani karibu na Turin, alikuwa akimimina mafuta yanayochemka katika majeraha ya risasi, kwa kuwa vitabu vilisema baruti ni sumu. Mafuta yakamwishia. Akachanganya ute wa kiini cha yai, mafuta ya waridi na tapentaini, akawapaka waliobaki, kisha akalala kwa hofu akidhani atawakuta wamekufa. Alfajiri aliamka mapema kuwatazama: waliopakwa dawa ile walikuwa wamelala vizuri, na waliomiminiwa mafuta ya moto walikuwa na homa na uvimbe. Mwaka 1545 aliyaandika hayo kwa Kifaransa, lugha ya vinyozi wenzake, na mwaka 1561 akaandika kitabu cha anatomia, akichukua mengi ya Vesalius na kuyatia katika Kifaransa. Mwaka 1575 alipotoa kazi zake zote pamoja, wakuu wa kitivo cha uganga cha Paris walijaribu kuzizuia. Hawakupenda elimu yao itoke katika Kilatini, tena kwa mkono wa kinyozi.

Mimi nilipofanya kazi ya kutafsiri usiku kwa chemli nilidhani natenda kama Paré. La hasha. Paré alitafsiri kile alichokuwa amekigusa.

Basi nilianza upya, na mwalimu wangu wa kwanza alikuwa yule mama mpishi. Kituo kilichinja mbuzi kila mwisho wa mwezi. Nilimwomba aniachie matumbo yote na moyo na mapafu kabla havijaingia sufuriani, naye alikubali kwa sharti kwamba nirudishe vikiwa safi. Wanafunzi walipuliza mapafu kwa kikonyo cha jani la mpapai, yakavimba mekundu yakanywea yenyewe. Tulikata moyo katikati, wakapima kwa vidole: ukuta wa kushoto mnene, wa kulia mwembamba, kwa kuwa wa kulia unasukuma damu mapafuni tu na wa kushoto mwili mzima. Tulimimina maji katika mdomo wa ateri kubwa, na vile vijimlango vitatu vikajifunga vikazuia maji yasishuke. Kijana wa uashi alipiga kelele, "Mwalimu, ni valvu ya bomba!" Sikuwa nimewahi kupata jibu kama hilo kwa kuandikisha. Na mguu wa kuku ulitosha kwa habari ya kano: ukivuta ule uzi mweupe unaochungulia pale ulipokatwa, makucha yanakunja. Watoto wote wa Afrika wamecheza mchezo huo, na hakuna aliyekuwa amewaambia kuwa ni anatomia.

Kisha tukamfuata William Harvey. Huyu Mwingereza, aliyesoma Padua, alichapisha mwaka 1628 kitabu cha kurasa 72 kuonyesha kwamba damu inazunguka. Uthibitisho wake mmoja hauhitaji chombo chochote ila mkono na kitambaa. Unafunga mkono juu ya kiwiko, si kwa kukaza sana. Mishipa ya vena inatuna. Unaweka kidole juu ya mmoja, unaisukuma damu kwa kidole cha pili kuelekea begani, na ule mshipa unabaki mtupu mpaka uondoe kidole cha kwanza. Damu imekuja kutoka upande wa vidole na inakwenda moyoni, na vijimlango haviiruhusu kurudi. Darasa zima lilikaa na vipande vya khanga mikononi, wakitazamana mishipa. Yule kijana wa alama 88, aliyefunga kamba chini ya jeraha, alirudia jaribio hilo mara nne bila kuambiwa. Halafu akaweka vidole juu ya ateri ya kifundo, akakaza kitambaa juu ya kiwiko hadi mapigo yakapotea, akakilegeza yakarudi. Hakusema neno. Nami sikumwambia lolote, maana wote wawili tulikuwa tunafikiri jambo moja.

Hesabu ya Harvey ilinisaidia pia. Tuliifanya kwa vipimo vya leo: moyo wa mtu mzima aliyetulia husukuma mililita 70 hivi kwa pigo, mapigo 70 kwa dakika, yaani karibu lita tano. Debe la lita 20 lingejaa kwa dakika nne na ushei. Mwili wote una lita tano hivi za damu. Basi haiwezekani damu hiyo iwe inatengenezwa upya na ini kila mara, kama Galen alivyodhani. Ni ile ile inayozunguka. Kitu Harvey asichokiona ni njia nyembamba zinazounganisha ateri na vena. Hizo aliziona Marcello Malpighi mwaka 1661 katika mapafu ya chura, kwa hadubini. Na kwa haki ni lazima niseme kwamba safari ya damu kupitia mapafuni ilikuwa imekwisha elezwa na Ibn al-Nafis mjini Cairo katika karne ya 13. Maandishi yake yalilala maktabani, yakaja kutambuliwa na msomi mmoja wa Kimisri huko Ujerumani mwaka 1924. Vijana wangu Waislamu walifurahi sana kuisikia, na niliifundisha kwa makusudi siku ya Alhamisi ili wakaihadithie nyumbani Ijumaa.

Nisijisifu kupita kiasi. Yako niliyoshindwa. Wasichana wa upishi na ushonaji walikuwa na neno lao la shida, tumbo, ambalo kwa Kiswahili ni pahali pa ugali na pahali pa mtoto pia. Binti mmoja wa miaka 17 aliniuliza kwa unyoofu kabisa kama mtoto aliye tumboni haunguzwi na chai. Niliona aibu, nikaruka ukurasa. Ilinibidi nimwombe muuguzi wa zahanati aje kila muhula kuwafundisha bila mimi kuwamo. Alipotoka mara ya kwanza aliniambia maswali waliyouliza. Sitayaandika hapa, ila nilijua kuwa ukurasa nilioruka ndio waliokuwa wakiuhitaji zaidi.

TUKI ilipotoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, nilikuwa nimekwisha kuwa mkuu wa shule, mtu wa mafaili na vikao vya chakula cha shule. Niliinunua hata hivyo. Nafurahi kuwa istilahi zipo na nimewatetea waliozitunga mbele ya walimu waliozicheka. Lakini sikuwahi kulifukuza neno mshipa darasani. Niliwaachia wanafunzi walitumie, kisha nikawauliza kila mara: mshipa upi? Unaopiga, unaohisi, au unaovuta? Walizoea wakaulizana wenyewe hata kwenye mpira.

Seremala nilionana naye tena mwaka 2004, nikiwa najenga nyumba ya kustaafia. Nilielekezwa kwa fundi mzuri wa milango, nikaenda, nikamkuta yeye, ana mvi, na wanafunzi wawili. "Shikamoo mwalimu." "Marahaba, fundi. Hujambo?" Tulizungumza habari za kituo na za mama mpishi, aliyekuwa amefariki. Nilimtazama akifanya kazi. Mshikio wa randa yake ya mbele alikuwa ameuchonga upya, umeinama upande mmoja, ili vidole vitatu vya kushoto vitoshe kuuongoza na viwili vilale tu pembeni. Niliuomba nikaushika. Mkononi mwangu haukukaa.

Nilimwambia nilichotaka kumwambia kwa miaka 27, kwamba siku ile nilipaswa kumwambia akunje vidole. Alifikiri kidogo. "Mimi pia nilikuwa nimepata 94," akasema, akacheka. Halafu alimwita mmoja wa wanafunzi wake, kijana mdogo, akamwambia amwonyeshe mzee wanavyofanya mtu akijikata. Kijana akaukandamiza mkono wa mwenzake kwa kiganja, akauinua, na kabla ya lolote jingine akamwambia: "Kunja kimoja kimoja. Sasa funga macho, ninagusa kipi?"

Milango ilikuwa tayari baada ya wiki tatu. Mmoja unakwama wakati wa masika.